Redio Kubwa Sebuleni: Je, Ni Dhambi?



Kuna maswali ambayo kijana Mkatoliki hayaulizi kwenye jumuiya mbele ya wazee. Anayauliza mkiwa njiani mnarudi nyumbani, tochi ya simu mkononi, sauti ya chini. Mojawapo nimeulizwa mara tatu mwaka huu, na waliouliza hawajuani: "Hivi nikinunua redio kubwa ya sebuleni, wakati hii niliyonayo bado inaimba, ni dhambi?"

Wengine mtacheka. Dhambi gani tena kwenye redio? Lakini anayeuliza hatanii. Ana laki nne na nusu aliyoikusanya kidogo kidogo, ana mdogo wake anasoma, ana mchango wa kigango haujaisha, na ana hamu ya kweli ya kusikia filamu na kwaya zikiwa safi. Moyo umegawanyika. Nadhani anastahili jibu refu kuliko "sali tu, Roho Mtakatifu atakuongoza."

Kwanza tuelewane tunaongelea kitu gani. Mafundi wanaiita risiva. Siyo ile ya dishi, ile ni king'amuzi. Hii ni amplifaya inayopokea picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi, deki au simu; picha inaipeleka kwenye TV, na sauti inaigawa: spika mbili za mbele, moja ya katikati chini ya TV, mbili za nyuma, na sabufa ya besi. Ndiyo maana kwenye boksi utakuta 5.1, yaani spika tano na hiyo sabufa moja. Katika filamu nyingi, spika ya katikati ndiyo inayobeba maneno ya watu wanaoongea. Likumbuke hilo, tutalihitaji.

Sasa, uongo wa kwanza umeandikwa kwenye boksi lenyewe. Sabufa nyingi madukani zina maelfu ya wati kwa maandishi makubwa, na pembeni herufi ndogo: PMPO. Igeuze mashine nyuma, soma kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme, mara nyingi utakuta inakula wati 60 au 80 tu. Hakuna mashine inayoweza kuendelea kutoa nguvu kuliko ile inayoivuta ukutani. Namba ya kuulizia dukani ni RMS, na muuzaji akikujibu "bosi, hii ni mnene tu, usijali," ujue hujajibiwa. Amri ya nane haikuwekwa kwa ajili ya mahakamani peke yake, na muuzaji Mkristo anayejua maana ya zile herufi nne ana la kujiuliza jioni kabla ya kulala.

Na hata wati zikiwa za kweli, hazifanyi kazi kama tunavyodhani. Ukitoka wati 50 ukaenda 100, umeongeza desibeli 3. Sikio linaona tofauti, ila ndogo. Ili sauti isikike kubwa kama mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na hiyo maana yake ni wati mara kumi. Kwa hiyo kijana anayetaka kubadilisha mashine ya wati 50 kwa ya 100 kwa sababu "haifiki", laki zake zitampa kitu kidogo sana. Aulize kwanza anakosa nini hasa. Kama mashine ya zamani inakoroma, haina tundu la HDMI, au haina kabisa njia ya spika ya katikati, hiyo ni sababu. Kama jirani amenunua mpya, hiyo nayo ni sababu, ila tuiite kwa jina lake, na jina lake lipo kwenye orodha ya vilema saba vya mizizi.

Kufurahia muziki si dhambi. Nalisema wazi kwa sababu kuna malezi fulani yanayomfanya kijana aone kila kinachompendeza kina mkono wa shetani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo na burudani, na jibu lake ni ndiyo. Anasimulia kisa cha Mtume Yohane ambaye watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine, halafu akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule mtu akasema upinde utavunjika. Akili nayo, Yohane akasema, ni hivyo hivyo. Mtu aliyeshinda shambani au kwenye lori la viazi ana haki ya kukaa jioni akasikiliza kitu kizuri.

Fedha ni habari nyingine. Tomaso huyo huyo anasema kutoa sadaka kutoka katika ziada yetu ni wajibu, siyo hisani ya kupenda. Mtakatifu Basili alikuwa mkali zaidi: koti lililofungiwa sandukuni, kwake, ni la yule asiye na nguo. Basi hapo wengi wetu tunakimbilia Bethania, Yohane sura ya 12, Maria akimimina marhamu ya dinari mia tatu, na Yuda akilalamikia maskini. "Unaona? Hata Yesu alikubali kitu cha gharama." Ni kweli alikubali. Lakini tazama marhamu ile ilikwenda wapi. Maria hakujipaka. Aliimimina miguuni pa mwingine, na harufu ikaijaza nyumba nzima, kila aliyekuwemo akaipata. Anayetaka kutumia kisa kile kutetea ununuzi wake aanze na hapo.

Maoni yangu, nayo ni yangu: kama ada ya mdogo wako inadaiwa, au mama anameza nusu dozi kwa kukosa hela, risiva ingoje. Hapo sioni mjadala. Kama hayo yametimizwa na umeshatoa ulichopaswa kutoa, nunua, na usijitese.

Lakini katika hao watatu walioniuliza, hakuna hata mmoja aliyeuliza jambo ambalo mimi naliona zito zaidi. Wote waliuliza kuhusu mfuko wao. Hakuna aliyeuliza nani atasikia.

Anayetaka kulielewa swali hilo aende Mlalo, huko juu Lushoto. Pale mji umejishikiza kwenye mteremko, nyumba juu ya nyumba, bati la huyu liko usawa wa baraza la yule. Ukikaanga vitunguu, jirani wa juu anajua leo kuna mboga. Sauti zote za mji zinakutana bondeni: kengele ya Walutheri, ambao misheni yao ilianzishwa pale mwaka 1891, adhana, maana Waislamu ni wengi, bodaboda inayopanda kilima kwa gia ya kwanza, na sisi Wakatoliki, wachache, na kwaya yetu. Ukungu ukishuka jioni huoni nyumba ya pili lakini unawasikia wote.

Binamu yangu anaishi hapo na babu yake mzaa baba. Kazi yake ni kupeleka kabichi na viazi Dar. Safari moja alirudi na risiva ya mtumba kutoka Kariakoo, na kwa bahati ilikuwa bado na maiki yake ndogo ya kusetia, kitu ambacho kwenye mtumba huwa kimepotea. (Mkinunua mtumba, someni nyuma: za soko la Japani zinatumia volti 100, za Marekani 120. Umeme wetu ni 230. Ukichomeka hivi hivi bila transfoma, umenunua moshi.) Akaniita nikamsaidie.

Kuseti mashine hizi ni kazi ya kuvutia. Denon wanatumia mfumo wa Audyssey, Yamaha wana wao unaitwa YPAO, lakini wazo ni moja. Maiki inawekwa pale msikilizaji anapokaa, kwenye usawa wa masikio yake, juu ya stendi na siyo mkononi. Mashine inatoa mlio kwenye kila spika kwa zamu. Maiki inasikiliza, na kutokana na muda ambao mlio umetumia njiani, mashine inajua kila spika iko mbali kiasi gani: sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 3 inachukua karibu elfu 9 za sekunde kufika. Ya karibu inacheleweshwa kidogo ili zote zifike pamoja. Inayopiga kelele inashushwa, iliyo dhaifu inapandishwa. Halafu unahamisha maiki kwenye kiti kingine, unarudia, mara sita au nane kutegemea mashine. Na muda wote huo chumba kizima lazima kinyamaze. Tulitoa watoto nje, tukatoa na kuku.

Niligundua kitu nikiwa nimeshika pumzi pale. Mashine haimuulizi mwenye rimoti anapenda nini. Inauliza kiti kiko wapi.

Basi tukamaliza, tukawasha taarifa ya habari, inasikika vizuri ajabu. Babu, kiti chake cha kona, akasema hasikii.

Binamu akashika rimoti akapandisha. Babu akasema sasa anasikia kelele. Tukapandisha tena, bati likaanza kutetemeka. Mnalijua jambo hili, liko katika nyumba nyingi: mzee anaonekana kama anasumbua, kijana anaonekana kama hana heshima, na kila siku saa mbili usiku ugomvi ni ule ule. Lakini sababu inajulikana. Masikio ya uzeeni huanza kupoteza sauti za juu, na huko juu ndiko zinakokaa s, f, sh na wenzake, konsonanti zinazotofautisha neno na neno. Besi na irabu mzee anazipata. Kwa hiyo anakuambia kweli tupu anaposema anasikia kelele na hasikii maneno. Ukiongeza sauti yote, umemwongezea hasa kile ambacho tayari alikuwa nacho.

Tulifanya mambo matatu, na hakuna lililogharimu hata senti. Tukapandisha spika ya katikati peke yake kwa desibeli 3 na kuielekeza juu kidogo, usoni kwa mtu aliyekaa. Tukashusha sabufa. Na tukakisogeza kiti cha Babu kutoka mita 4 hadi mita 2. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6, ambazo ingebidi uzinunue kwa wati mara nne. Sebuleni inapungua kidogo kwa sababu ya mwangwi, lakini bado ni nyingi. Kiti kikawa katikati, mbele ya sofa, mahali ambapo binamu alikuwa amepanga kukaa yeye.

Hapo alinyamaza kidogo. Ile risiva alikuwa ameiota miaka miwili, na kile kiti ndicho "kiti cha mfalme", mahali sauti zote zinapokutana. Sasa pamekaliwa na mzee anayesinzia katikati ya taarifa ya habari. Sitawaambia alikubali kwa moyo mweupe mara moja, maana siyo kweli. Ila hakukirudisha.

Amri ya nne tunaifundisha kwa watoto wa Kipaimara kama suala la kutumwa dukani na kuitika vizuri. Kwa kijana aliyekwisha kujitegemea naona inakuja zaidi kwa namna hii: kwenye mpangilio wa vitu, nani amewekwa wapi.

Kuna kiti kingine tena, na hicho mashine haiwezi kukijua. Juu ya nyumba ya binamu anaishi mama mmoja wa Kiislamu, mtu mzima, na mkwe wake alikuwa amejifungua wiki chache zilizopita. Nilimwambia binamu aache muziki unapiga kama anavyoupiga siku zote, twende tukawasalimie. Tukapanda, tukakaribishwa barazani, tukaletewa chai ya tangawizi. Tukakaa. Kwaya haikusikika, wala maneno, wala kinanda. Kilichofika ni ndu, ndu, ndu. Binamu akaanza kuomba radhi. Yule mama akacheka, akasema, "Mwanangu, mimi siudhiki na muziki. Ila kama unatupigia, tupigie basi na wimbo. Sisi huku tunapata ngoma tu."

Ndivyo ilivyo kwa sayansi pia. Wimbi la sauti ya hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4. Ukuta wa tofali na pazia vinapunguza sauti za juu, besi inapita. Kwa hiyo jirani wa mpenda muziki hapati muziki, anapata mabaki yake, usiku na mchana, na hakuomba. Mtoto mchanga anayapata. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayapata. Sisi tuliyekaa ndani tunaona tunasikiliza kitu kizuri, na ni kweli ni kizuri, hapa tulipo.

Mtu ataniambia: mbona misikiti ina vipaza sauti, na makanisa yana kengele? Zina saa zake, mji mzima unazijua, zinapita kwa muda mfupi na zinamwita kila mtu kwa jambo la wote. Sabufa yangu haina ratiba wala haimwiti mtu. Na pale nyumba za ibada zinapozidisha, nazo zinastahili kuambiwa. Sitetei kelele kwa sababu imebeba jina la Yesu. Papa Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, aliitaja kelele miongoni mwa mambo yanayoharibu maisha ya miji. Hapa kwetu, mwaka 2023 NEMC ilifungia baa kadhaa Dar es Salaam kwa sababu ya kelele, na vijana wengi mtandaoni wakalalamika starehe imeingiliwa. Sikusoma wengi walioandika kwa niaba ya waliokuwa wanajaribu kulala.

Tuliporudi chini tukaiondoa sabufa kwenye kona, maana kona inaongeza besi, tukaiweka juu ya kipande cha godoro ili isitingishe sakafu ya saruji. Risiva nyingi zina kipengele cha usiku kinachoshusha milipuko na kupandisha minong'ono, tukakiwasha. Wakakubaliana na yule mama kwamba saa tatu usiku sabufa inazimwa kabisa, hata kama ni Simba na Yanga. Hilo la Simba na Yanga lilichukua mjadala.

Na masikio yenu wenyewe, vijana, maana wengi mnasikiliza kwa earphone kuliko spika. Shirika la Afya Duniani linatoa kiasi cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki. Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Tunaposema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu huwa tunawaza uasherati na pombe, sikio halitajwi. Halafu tunashangaa kwa nini hatuwezi kukaa dakika kumi mbele ya Ekaristi bila kutafuta kitu cha kusikiliza.

Nabii Eliya, mnakumbuka, kwenye 1 Wafalme 19: upepo, tetemeko, moto, na Bwana hakuwamo. Alikuja katika kitu kidogo sana ambacho Eliya angekikosa kama angekuwa na makelele yake mwenyewe pangoni. Na milima hii yetu ya Usambara inalijua hilo tangu zamani. Gare, mwaka 1897, walifika Watrapisti kutoka Mariannhill, Afrika Kusini, wamonaki ambao ukimya ulikuwa sehemu ya kanuni yao ya kila siku. Walilima, walijenga, walisali, bila maneno mengi. Sisemi tuwe Watrapisti. Nasema chumba chenye risiva nzuri kinahitaji pia saa ambayo imezimwa, na siku hizi huo ndio ufundi unaonishinda kuufundisha.

Ikabaki mashine ya zamani. Binamu alitaka kuipeleka kigangoni, kwaya ina shida ya amplifaya. Wazo zuri. Lakini ile mashine ilikuwa inakoroma, na kitufe chake cha sauti kilikuwa kinaruka, ukigusa kidogo inalipuka. Nikamwomba asome Malaki sura ya kwanza, pale Bwana anapokasirikia watu wanaomletea wanyama vilema, wale ambao hata liwali asingewapokea. Akasoma, akakaa nayo siku mbili, halafu akaipeleka kwa fundi Lushoto mjini. Ilikula elfu thelathini na waya mpya juu, hela aliyokuwa ameitenga kwa stendi za spika. Spika za nyuma mpaka leo ziko juu ya ndoo za rangi.

Katekista aliipokea baada ya Ibada ya Neno Jumapili iliyofuata. Akaizunguka, akaipiga kofi kidogo kama mtu anayenunua ng'ombe, akauliza swali moja tu: hicho kitufe cha kupunguza, kinafanya kazi?